Gari Lililonukia Chapati

Nimeamua kuisimulia mwenyewe, kwa sababu kila nikiisikia sokoni ina nyongeza mpya, na juzi nimesikia eti Mzee Nassoro alifungua swaumu mchana kwa sababu ya gari langu, jambo ambalo si kweli. Mengine yote ni kweli. Niliaibika mchana kweupe, mbele ya watu, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine na ruksa ya biashara imeshatoka, kila mwenye gunia anajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika shirika moja hapa Sumbawanga, na lilipofungwa vitu vyake vikapigwa mnada, nami nikanunua pikapu ambalo kwa miaka tisa nilikuwa naliandikia vipuri kwenye leja (kwa hiyo nilijiona nalijua gari, kumbe najua majina ya vipuri). Ili kulinunua waliondoka ng'ombe wawili wa maziwa wa mke wangu, Mama Oliva, ng'ombe aliopewa na baba yake. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Baba Oliva, hao ng'ombe walikuwa wanaamka wenyewe asubuhi. Na hilo gari liamke."

Halikuamka. Stata ilikuwa imekufa, na stata nyingine ilikuwa haipatikani mjini, basi wiki ya kwanza nikawa nasukumwa na majirani kila asubuhi mpaka nikaona haya, maana jirani akishakusukuma mara tano anaanza kukusalimia kwa sauti ya mwenye hisa. Ndipo nikapata akili. Nyumba yetu pale Katandala iko kwenye mteremko, nikaanza kuliegesha gari mbele ya mlango, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya tairi. Asubuhi naondoa jiwe, gari linateremka lenyewe, naachia klachi, linawaka. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa mtaa ule. Huo ndio uamuzi ulioniaibisha, ndugu zangu, mdogo hivyo hivyo.

Karani hafi, hata shirika likifa. Nilikuwa na daftari la gari, na kila asubuhi kabla ya kuondoa jiwe nilifungua boneti, nikachomoa stiki ya oili (ipo nyuma ya injini, huko karibu na dereva), nikaifuta, nikaichomeka, nikaichomoa tena na kuandika. Na kila asubuhi oili ilikuwa chini ya alama. Naongeza nusu lita. Kesho yake nayo iko chini, naongeza. Kwa siku chache ardhi chini ya gari ilikuwa kavu kabisa, nikajiuliza oili inakwenda wapi, halafu siku moja nikaona matone meusi kwenye vumbi na nikafurahi (nasema kweli, nilifurahi) kwamba sasa nimejua. Gari linavuja. Dawa ya gari linalovuja ni nini? Nikaongeza oili.

Ningeendelea hivyo salama kama si Mzee Nassoro. Huyu ni mwenye duka na malori pale mjini, mtu wa dini na wa maneno machache, na alikuwa anatafuta gari dogo la kuingia vijiji vya bonde la Rukwa kuzoa mchele na kuuleta Mtowisa ambako lori lake linafika. Ni kazi ya msimu mzima. Ila alikuwa na desturi moja ambayo madereva wote wanaijua: hakodi gari mpaka alipande mwenyewe, aende nalo mpaka bondeni. "Gari halikaguliwi likiwa limesimama," ndivyo anavyosema. Likifaulu umepata msimu. Lisipofaulu, ng'ombe wa Mama Oliva wamekwenda bure, na hilo nililijua vizuri kuliko ninavyolijua jina langu.

Tukakubaliana Alhamisi. Jumatano nikaenda kwa fundi Kapele, nikamweleza. Akauliza, "Oili unapima?" Nikamjibu kwa kiburi kabisa, kila asubuhi, na daftari ninalo. Akatikisa kichwa kwa heshima (hajawahi kuona mwenye gari mwenye daftari) akaniambia basi tujue inatokea wapi: osha injini na mafuta ya taa, ikauke, inyunyizie poda, tembeza gari kidogo halafu fungua boneti, pale poda ilipolowa ndipo panapovuja.

Nikarudi nyumbani mbio. Injini nikaiosha ikang'aa. Poda nikamwomba mke wangu, ile ya kopo aliyonunua dukani kwa siku za kanisani.

"Poda yangu? Kwenye injini?" akasema. "Ng'ombe wangu umeshawaingiza humo, Baba Oliva. Poda hapana."

Sikubishana. Nikafikiri, cheupe ni cheupe, na kesho yake alfajiri nikachota unga wa ngano kwenye debe, nikainyunyizia injini nzima, juu, ubavuni, mbele, mpaka ikawa kama imenyeshewa mvua ya mawe. Nia yangu ilikuwa kuzunguka mtaa mara moja, nione, niioshe, Mzee akija saa mbili akute safi. Wakati namalizia, akapita bibi jirani yetu na kuni zake. Kwetu unga mweupe una kazi nyingine zaidi ya kuliwa, hunyunyizwa kwenye matambiko. Bibi akasimama, akatua kuni, akapiga makofi mawili ya heshima, akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Vyombo hivi vya kununua mnadani lazima kwanza viombewe." Halafu akaendelea na safari yake, na kwa bibi yule kuendelea na safari maana yake ni kupita kila mlango.

Nikiwa bado na bakuli mkononi nikasikia kikohozi. Mzee Nassoro, saa kumi na mbili na nusu, kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ameshakula daku, ameshasali, hana la kumngojesha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Twende, jua lisitukute njiani. Lakini nasikia huko nyuma kwamba gari limetambikiwa."

"Hapana mzee, ni... ni vumbi tu."

Nikafunga boneti. Ningesema ukweli pale pale, kwamba nilikuwa natafuta panapovuja, labda angekubali kurudi kesho. Niliogopa neno "kuvuja", basi. Nikaondoa jiwe, tukateremka, likawaka mara moja, Mzee akaguna kwa kuridhika, na Mama Oliva akiwa mlangoni akanipungia mkono. Sijui kwa nini mkono ule naukumbuka kuliko yote.

Uwandani tulikwenda vizuri. Baridi ya Ufipa ilikuwa bado, ngano pande zote, Mzee anavuta tasbihi. Tukaanza kushuka ukingo wa bonde, kona baada ya kona, pua ya gari chini, injini inanguruma kwa gia ndogo, joto la bondeni linapanda kutupokea. Kona ya tatu nikasikia harufu. Nikajifanya sijaisikia. Kona ya tano haikuwezekana tena kujifanya, maana mle ndani palinukia chapati. Si harufu ya kuungua, hapana, chapati safi, ile ya pili au ya tatu kutoka kwenye kikaango.

Mzee alisimamisha tasbihi. Akanitazama. Akatazama nyuma kama kuna mtu. Akasema polepole, "Kijana, mimi nimefunga."

"Najua, mzee."

"Sasa hiyo ni nini?"

"Labda vijijini huko wanapika."

Tulikuwa porini. Hapakuwa na kijiji, hapakuwa na hata mbuzi. Mzee akarudi kwenye tasbihi yake, akivuta kwa kasi zaidi, nami nikaona moshi wa bluu ukitoka pembeni mwa boneti na nikaendelea kuendesha, kwa sababu mtu akishasema uongo wa pili huwa anaona aibu kuacha.

Tuliingia Mtowisa siku ya gulio. Nikasimama mbele ya mashine ya kukoboa mpunga kwa kuwa ndipo gari lenyewe lilipochagua kuzimika, moshi ukatufunika, na moshi ulipopungua tulikuwa tumezungukwa. Watu walifuata harufu. Mama mmoja alikuja na sahani, na akaniuliza ninauza mbili kwa bei gani. Boneti ikafunguliwa (si na mimi) na hapo kila mtu akaona: injini imevaa ukoko wa kahawia, umevimba mahali pengine, umeungua mahali pengine, na oili bado inachuruzika kwa mbele. Vicheko vile sijavisikia tena hata harusini.

Mwenye mashine akatoka. Mama Kabula, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe, kitenge kiunoni, mikono myeusi kwa oili maana mashine yake anaifungua mwenyewe. Hakucheka. Akaomba watu wasukume gari mbele kidogo, pale penye sakafu ya kuanikia mpunga, sawa kama meza. Akangoja. Akachomoa stiki, akaifuta kwa kitenge, akaichomeka, akaichomoa, akaiinua juu kila mtu aone. Oili ilikuwa imepita alama, ikapita mkunjo wa stiki, ikafika karibu na mkono wake.

"Baba," akaniuliza, "unapimia wapi hii?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni tambarare?"

Pale pale niliona mlango wangu, jiwe, mteremko, gari limeinamisha pua na oili yote imekimbilia mbele, stiki huko nyuma inalamba hewa, na mimi na daftari langu nikiandika kwa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

"Halivuji hili gari," Mama Kabula akamwambia Mzee. "Limeshiba, linatapika. Mlishaji ndiye mgonjwa."

Akafungua nati ya chini, akaipunguza oili kwenye ndoo mpaka alama, akaukwangua ukoko kwa kisu, watu wakasukuma, likawaka. Moshi ukaisha. Tone halikudondoka. Mzee Nassoro alizunguka gari mara mbili na fimbo yake, akainama kuchungulia chini, akainuka, nami nikimfuata nyuma kama mtoto anayengoja matokeo.

"Gari nimelipenda," akasema. "Linafaa. Nalichukua msimu mzima."

Nikafungua mdomo kushukuru.

"Dereva nitaleta wangu."

Basi tukarudi hivyo. Kijana wake aliyekuwa na lori pale Mtowisa akashika usukani, Mzee akakaa mbele, nami nikapanda nyuma juu ya magunia ya mchele, ndani ya gari langu mwenyewe, nikiwa abiria. Tulipofika Katandala jioni Mama Oliva alikuwa mlangoni, akalitazama gari, akamtazama dereva, akanitazama mimi kule juu nilivyojaa vumbi. Nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja: "Kwa hiyo halikuwa bovu?"

"Halikuwa bovu."

"Ng'ombe wangu hawakupotea?"

"Hawakupotea."

Akaingia ndani na akaja na kopo lake la poda, akanipangusa uso kwa kanga, akanipaka shavuni kidole kimoja. "Haya," akasema, "tuone unapovujia."

Msimu ulipokwisha gari likanirudia, na siku hizi naegesha tambarare na nasukumwa na majirani kila asubuhi, na nawasalimia mimi kwanza. Na daftari nimelichoma.