Fundi Kilo na Mayai ya Mkewe

Fundi redio huyu walimbandika jina la Kilo, naye hakulikataa. Ukimletea spika, kabla hata ya kuuliza inaumwa nini, ataipima mkononi kwanza. Ikiwa nzito, atatikisa kichwa kwa heshima. Ikiwa nyepesi, "Takataka hii, umeibiwa." Na kwa vyombo vya zamani kanuni hiyo ilikuwa haijamwangusha, maana transfoma nzuri ni nzito.

Basi akaingiwa na wazimu wa kuchimba sarafu za mtandaoni, tena kwa kompyuta ya kuunda mwenyewe. Mkewe alisikiliza maelezo yote, kwamba mashine inakokotoa mahesabu bila kupumzika na kulipwa vijisarafu visivyoshikika, kisha akasema, "Chimba, mume wangu. Ila mayai yangu yasiguswe."

Mayai yalikuwa chumba cha pili, ndani ya kiangulio cha umeme. Mayai ya kuku wa mbegu, aliyoyanunua kwa akiba yake yote ya ushonaji, na yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Mama wa watu alishaanza hata kuwaahidi majirani vifaranga.

Dukani Kilo alichagua kwa makini, usimwonee. Kadi za grafiki, ambazo ndizo wachimbaji wenyewe, alizizungusha feni moja moja na kuzinusa kama zimewahi kuungua. Ubao mama aliutaka wenye nafasi nyingi za kuchomeka kadi. Mwisho ikafika zamu ya pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Zilikuwepo mbili.

"Chukua hii nyepesi, kaka," muuzaji akamwambia. "Hiyo nyingine mimi siisemei."

Kilo akazipima, moja kila kiganja, akacheka. "Mdogo wangu, umeme una uzito wake." Akaondoka na ile nzito.

Nyumbani akaunganisha vyote, akamwita mkewe aje ashuhudie utajiri, akawasha. Feni zikavuma. Mara, pu! Moshi, na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Alipokifungua kile kisanduku akakuta nyaya chache na bonge la chuma lililogandishwa kwa gundi, kazi yake kujaza uzito tu. Alirudisha umeme, taa zikawaka, lakini kiangulio kilibaki kimya. Kidhibiti joto chake kilikuwa kimeungua, na spea ni ya kuagiza mbali.

Mkewe hakugomba. Aliweka kiganja juu ya mayai, akakiacha hapo. "Yanapoa," akasema, basi. Afadhali angetukana! Kilo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alitoka mbio hadi dukani. "Leo hupimi?" muuzaji akamuuliza. "Nipe, mdogo wangu, nipe tu!"

Ile nyepesi ilipochomekwa, mashine ikanguruma na kupuliza hewa ya moto kwa nyuma. Huko nyuma ndiko Kilo alikoweka boksi, mayai ndani, blanketi juu. Mkewe akashika kipimajoto. "Sogeza. Umezidisha, rudisha! Hapo hapo." Tangu hapo walikuwa wakipokezana kuyalinda na kuyageuza, wakizungumza kwa ishara kwa sababu ya makelele. Sarafu zilidondoka chache mno, hazikutosha hata umeme wa kuzichimbia, na Kilo aliacha kuziangalia.

Na vifaranga wakatoka! Si wote, lakini boksi lilijaa. Mkewe alicheka huku akijifuta machozi, na Kilo, moyo umetua, akaona sasa mashine ipumzike, aifute vumbi. Akaizima.

Wee! Vifaranga walilia kwa pamoja, nyumba haikukalika. Aliwafunika blanketi, wakalia. Akawawekea balbu ya joto, wakazidi. Alipowasha mashine, feni zikavuma, na wote wakanyamaza, wakakimbilia upande wa mngurumo na kujibanza hapo.

"Umewaona?" mkewe akasema. "Huyo ndiye mama yao. Mzime tena, uwalalie mwenyewe."