Mfuko Nilioacha Nyuma ya Mlango

Mimi hushona sweta za shule hapa Kimbo. Asubuhi niliyokwenda kununua cherehani mpya kwenye maonyesho ya mashine kule Thika, mke wangu alinipa mfuko wa vipande vya sweta. “Usinunue mashine kabla wauzaji hawajashona vipande hivi ukiona,” akasema.

Lakini nilikuwa nimevaa suti ya kanisa. Niliona aibu kuingia pale na matambara kama fundi wa kando ya barabara, na fundi huyo ndiye mimi. Nikauacha mfuko nyuma ya mlango.

Kwenye maonyesho, muuzaji mmoja aliniita bosi, akanipa kiti na soda, akashona kitambaa chake kigumu cha pamba kunionyesha mashine. Mshono ulinyooka kabisa. Bosi gani angeuliza maswali? Nikalipa papo hapo.

Nyumbani, mashine ilitafuna sweta ya kwanza mpaka shingoni. Nilipompigia simu, muuzaji alishangaa. Alisema mashine ya sweta ilikuwa kwenye meza iliyofuata. Ningemwambia kazi yangu, angenionyesha.

Mke wangu alichukua ule mfuko nyuma ya mlango. Akaviunganisha vile vipande kwa mashine yetu kuukuu, akashona kifuniko cha ile mpya.