Mukebe wa Sardini Ndani ya Injini ya Ndege

Mimi sikusoma sana, lakini malori yote ya barabara ya Ngungu yanajua mikono yangu. Ndiyo maana pilote wa ndege ndogo ya Walikale alinipa kazi ya kuangalia injini yake, akanionya: «Papa, bomba ya moshi ikipasuka hata kidogo, uniambie. Ndege hairuki mpaka tuweke bomba mupya.»

Juma iliyopita nikaona ufa. Mama mumoja mwenye mimba ya kumusumbua alikuwa anangojea kupelekwa hospitali, nami nikajiona mwokozi. Nikafunga ule ufa kwa mukebe wa sardini na waya, vile nafanyaka kwa lori. Sikumuambia pilote kitu, nikapanda pamoja naye na yule mama.

Juu ya pori, harufu ya moshi ikaingia. Nikasema watu wa chini wanachoma mashamba. Kichwa kikaanza kuniuma. Mama akatapika, halafu akalegea kabisa. Pilote akafungua dirisha, akageuza ndege haraka.

Tulipotua, hewa safi ikamuamsha mama. Pilote akafunua injini, akachomoa mukebe.

«Nani aliweka hii?»

Nikaangalia milima.

Mama akainua kichwa: «Papa, sema basi! Si njia yote ulikuwa unatuambia bila wewe hii ndege hairuki?»