Odile, mtafutaji wa upande wa maneno

Saa moja na nusu asubuhi, Odile Gaudreau anabandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye paji la uso la Normand Lachapelle, upande wa kulia. Plasta inagoma kushika kwa sababu ya jasho.

"Dada, unanipamba niende wapi?" Normand anauliza.

"Tulia. Kikitokea kwenye picha najua huo ndio upande wako wa kulia. Sitaki kubishana na kompyuta."

Odile ana miaka 54. Kwa miaka 22 amepiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI katika hospitali moja mjini Sherbrooke, Quebec, kwa mshahara ambao sasa ni dola 41 kwa saa. Kipimo cha leo kinaonyesha upande upi wa ubongo umebeba lugha, ili daktari wa upasuaji ajue asiguse wapi. Kati ya watu mia wanaotumia mkono wa kulia, zaidi ya tisini lugha yao iko kushoto.

Normand, 51, anatumia mkono wa kulia. Ni mpiga mnada wa ng'ombe katika mji wa Saint-Hyacinthe, au niseme alikuwa. Kifafa kinamwangusha mara sita kwa wiki, leseni ya gari amenyang'anywa, na kipaza sauti cha mnadani kimeshikwa na mwingine. Kovu la ubongoni linalomletea kifafa liko kulia, kwa hiyo amekuja anachekacheka, ati litakatwa na mambo yaishe.

Ndani ya mashine anatakiwa kutaja vyakula kimoyomoyo, mdomo umefungwa.

"Mpiga mnada kunyamaza dakika ishirini! Huo tu ni upasuaji," analalamika akiingizwa.

Kwenye skrini, rangi zinazoonyesha lugha ilipo zinawaka upande mmoja. Odile anatazama kidonge, anatazama tena. Rangi ziko upande wa kidonge, zimelizunguka kovu.

"Mungu wangu, labda nimekibandika kushoto," ananiambia mimi mwandishi niliyekaa kando yake, na anakwenda kumkagua. Hakukosea. Anarudia kipimo kizima, na kompyuta inatoa jibu lilelile: kulia.

"Vipi, umeona nini?" Normand anauliza akivaa viatu.

"Daktari atakuambia."

"Dada, uso wako umeshaniambia."

Kanuni zinamkataza kusema, na jambo hilo linamla moyo. "Wanadhani sisi ni wapiga picha za harusi," ananiambia baadaye, supu yake ya njegere ikipoa mezani. "Mimi najua kabla ya mkewe. Nikifika nyumbani sina hamu ya kuongea na mtu."

Wiki iliyofuata daktari alimweleza Normand waziwazi: wakilikata kovu, maneno yanaweza kuondoka nalo. Normand akasema akatwe. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanguka jikoni na sufuria ya maji ya moto mkononi, mjukuu wake yuko miguuni.

"Heri niwe bubu kuliko kumuunguza mtoto," alimwambia Odile kwa simu.

Upasuaji ni tarehe 9 Februari. Miaka yote hiyo Odile hajawahi kupanda wodini kumwona mtu aliyempiga picha. Safari hii atapanda, zamu yake ikiisha.

"Nitamuuliza jina lake tu," anasema. "Akinitajia, nitakwenda zangu. Akishindwa, nitakaa naye."