Betri Iliyoanikwa Juani

Jirani yangu hapa Singida mjini ni fundi wa betri za magari. Siku akiwa na kazi nyingi, harufu ya tindikali huruka ukuta na kuingia jikoni kwangu. Ni harufu ya uchachu inayokwaruza koo, na wajukuu wangu huziba pua wakacheka. Mimi huacha ninachofanya nikakaa kwenye kigoda, maana harufu ile hunirudisha Ziwa Kitangiri, ndani ya boti, na mama yangu amelala miguuni pangu akiuma pindo la kanga.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulihamia kando ya ziwa enzi za vijiji vya ujamaa, sisi Wanyiramba tuliozoea ng'ombe na mtama, tukaambiwa sasa tutavua kwa pamoja. Wengi wetu hatukujua hata kuogelea. Kisha akaja mtaalamu wa uvuvi, mzungu mwenye kofia ya majani, akatuletea boti nzito ya mbao na mashine ndogo ya umeme ya kufunga nyuma yake. Haikunywa mafuta wala kutoa moshi. Chini ilikuwa na pangaboi dogo lililozunguka majini kwa upole, na juu waya mbili zilizoungwa kwenye betri kubwa kama ya lori. Mtaalamu alifundisha kwa ishara nyingi na Kiswahili kidogo, kisha akaenda zake. Baba yangu akachaguliwa kuwa mwendeshaji.

Lakini baba alikuwa mfugaji hadi kwenye mifupa, na betri ile aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Mashine ikianza kulegea alizima, akashika kafi, akarudi polepole. "Usimkamue mpaka tone la mwisho," aliwaambia wavuvi wenzake, "mbakizie ndama." Jioni aliibeba betri begani mpaka nyumbani na kuilaza pembeni ya kitanda chake, na mama alilalamika kwamba sasa ameletewa mke mwenza asiyejua hata kutwanga. Asubuhi watu wakishamaliza kuulizana habari za watoto na mifugo, walimuuliza baba betri imeamkaje. Naye alijibu kwa heshima zote kwamba imeamka salama.

Tatizo lilikuwa chaji. Jenereta ilikuwa ng'ambo ya ziwa, kwenye hospitali ya misheni, na mwaka ule wa ukame dizeli ikaadimika. Wakatuambia tusubiri. Tukasubiri, huku nyavu zinahitaji kutegwa kila siku. Sasa kila nyumba yenye tochi kwetu ilijua dawa: betri za tochi zikichoka unazianika juani, na jioni zinawaka tena. Baba akaona betri kubwa ni mama yao hao wadogo, kwa nini yeye asiote jua? Akatandika ngozi ya mbuzi uani, akaianika, akawa anaigeuza kila upande upate joto. Jioni alipoijaribu, mashine ikavuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba betri iliyopumzika hurudisha nguvu kidogo tu, kama mgonjwa mahututi anayeinuka siku moja akaomba uji, ndugu wakafurahi bure.

Mama alikuwa mjamzito. Uchungu wa kuzaa ulimshika usiku ule, na asubuhi mtoto alikuwa bado hajageuka. Shangazi Elina, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mkunga wetu. Alitoka ndani akifuta jasho, akamwambia baba, "Huyu hatoki kwa mikono yangu, kaka. Mpeleke ng'ambo." Kuzunguka ziwa kwa mkokoteni wa ng'ombe ilikuwa safari ya kutwa nzima. Mitumbwi ilikuwa myembamba, mtu hawezi kulala ndani yake. Ilibaki boti. Shangazi akapanda nasi, na mimi, mtoto wa kwanza, nilipandishwa nikae nimshike mama kichwa.

Tulianza vizuri. Mashine ilivuma, ufukwe ukawa mdogo nyuma yetu, na baba alisimama wima mkono kwenye usukani. Kisha ule mvumo ukashuka. Baba akazima haraka.

"Baba Ester, mbona tumesimama?" mama aliuliza.

"Inapumzika kidogo tu, mama Ester. Ikipumzika itatufikisha."

Akawasha tena. Tukasogea, tukasimama. Akapumzisha, akawasha, tukasogea kidogo kuliko mara ya kwanza. Ndipo nikamwona baba yangu akiondoa gunia lililofunika betri, akaisogeza mahali penye jua kali, akachuchumaa mbele yake. Alingoja. Mama alikuwa anaguna kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu, na baba amechuchumaa anangoja jua!

"Kaka, shika kafi!" Shangazi alifoka.

Baba alipiga kafi ile moja kama mwendawazimu, lakini boti ilikuwa nzito, inazunguka tu. Akaitupa ndani, akarukia majini. Kitangiri wakati wa kiangazi hakina kina kirefu, maji yalimfika kifuani na chini ni tope tupu. Akaweka bega kwenye boti, akasukuma. Alizama, akaibuka, akasukuma. Alikuwa akimlilia Mungu kwa Kinyiramba, maneno yaleyale tena na tena, akimwomba amchukue yeye. Mimi nilimziba mama masikio, asimsikie.

Mtoto alizaliwa kabla hatujafika kwenye matete ya ng'ambo. Alikuwa wa kiume, wala hakulia. Shangazi alimpuliza mdomoni, akampiga mgongoni, akampuliza tena. Halafu akamfunga kwenye kanga yake mwenyewe, akamweka kifuani mwa mama.

Watu wa hospitali walitupokea na machela. Dereva wao, kijana mpole tu, alifungua vifuniko vya betri akachungulia. "Mzee," alisema, "jua haliingizi umeme humu. Limekausha na maji yake. Hii ilikuwa karibu tupu tangu mlipotoka."

Baba alisimama pale, tope limemfika kwapani. Alitazama mikono yake kama vile si ya kwake.

Mama akainua kichwa kwenye machela. "Ni upepo," akasema. "Upepo ulikuwa mkali. Hata mashine mpya isingeuweza."

Nyuma yetu ziwa lilikuwa limetulia tuli, hata tete moja halikutikisika. Nikafungua mdomo. Shangazi Elina akanikamata kiganja, akakibana mpaka machozi yakanitoka.

Nyumbani habari ikabaki hiyohiyo, upepo. Wageni waliokuja kutupa pole waliambiwa upepo, na wakatikisa kichwa. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazeeka, nilimsikia anaanza, "Mama Ester, siku ile ya betri..." na mama, bila kuacha kupepeta mtama wake, akamkatiza, "Upepo ule, baba Ester, we acha tu." Mimi nilikereka. Nilidhani maumivu yalimvuruga mama akili, na kwamba sisi wengine tulimfichia tu ukichaa wake.

Nilikuja kuzika mtoto wangu mwenyewe, wa pili, aliyekufa kwa homa. Mume wangu alisema tungoje asubuhi ndipo tumpeleke hospitali, na asubuhi mtoto alikuwa amekwenda. Wakati wa mazishi nilikuwa na neno mdomoni tayari kwa ajili yake, neno la haki kabisa. Nikamtazama. Alikuwa amesimama pembeni ya kaburi akitazama mikono yake.

Ndipo nikajua mama alikuwa timamu kuliko sisi wote. Alikuwa ameshampoteza mmoja majini, akamwona wa pili, baba, anazama pale nchi kavu, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumtupia ashike kilikuwa upepo.