Gharama ya Kumshusha Mzee

Makadirio ya nyumba yetu ya Kawangware niliyaandaa mwenyewe. Mke wangu alikuwa amesikia bei za vifaa kwa wanawake wenzake sokoni, lakini mimi sijengi kwa maneno ya sokoni. Kila bei niliifuata dukani, nimevaa suti na tai, na kila bei niliyotajiwa ilizidi ile ya sokoni. Nilihitimisha kwamba wanawake wale hawana hakika na wasemayo. Mke wangu alihitimisha kwamba tatizo ni tai.

"Baba, wakikuona wanadhani unajenga ghorofa," alisema.

Nafasi ya kukosea haikuwapo. Chumba tulichopanga Sarang'ombe kilikwisha kuahidiwa mpangaji mwingine, na mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Kuta zikimeza fedha za mabati, tungehamia nyumba isiyo na paa.

Ndipo lilipofika lori la mchanga. Dereva alisema limejaa. Mimi siambiwi, nilipanda juu nipime. Mchanga ulikuwa pungufu kidogo, jambo lililonifurahisha mno, mpaka nilipotazama chini. Goti la kushoto likakataa katakata.

"Mzee, shuka basi, niko na kazi ingine kule mtaa wa Satellite," dereva alisema.

"Ninatafakari," nilimjibu.

Vijana wa kupakua mchanga waliegemea mabeleshi yao.

"Buda ako sawa huko juu?"

"Anangoja tummwage pamoja na mchanga."

Dereva alidai pesa za kungojeshwa, vijana wakadai za kunibeba. Kwa kuwa silipi bila ushahidi, niliomba stakabadhi. Mmoja akaniandikia: "Kushusha mchanga. Kushusha mzee, mmoja." Upungufu niliougundua haukufikia hata nusu ya gharama ya kuugundua.

Nilipolinganisha makadirio na matumizi, jikoni pote palikuwa pamekosa fedha za mabati. Mke wangu aliisoma stakabadhi ile, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mabati nitanunua mimi," alisema. "Wewe ukija, simama mbali."

Nilisimama ng'ambo ya barabara nyembamba, mkabala na duka la mabati. Yeye, kwa leso na ndala, alitaja bei ya sokoni. Muuzaji alikuwa karibu kukubali aliponiona.

"Mama, umekuja na yule mzee wa tai? Si ndiye alikwama juu ya lori?"

"Simjui," alisema mke wangu. "Lakini anaonekana amechoka."

Cheti chetu cha ndoa kiko nyumbani, kimepigwa muhuri, na kauli ile ningeweza kuikanusha papo hapo. Badala yake nilitazama mawingu ya mvua upande wa Ngong. Bei ilikubaliwa, na mabati yakatosha hadi jikoni.

"Sasa mwite huyo akusukumie mkokoteni," muuzaji alimshauri. "Wazee kama hao hawaitishi pesa mingi."

Mke wangu akaniita, akaniuliza nitasukuma kwa pesa ngapi. Nikamtajia bei ya haki. Akaipunguza.