Sindano ya Mapasa

Sisi ni mapasa, mimi na dada yangu, tumezaliwa tumbo moja siku moja, na kwetu Fizi mapasa hawapewi vitu tofauti. Ukimnyima mmoja, atakasirika na kushikwa na ugonjwa. Kwa hiyo taya la dada lilipovimba kana kwamba amebana muhogo shavuni, watu waliniangalia mimi kwanza. "We mapasa, umemunyima nini mwenzako?"

Sikumnyima kitu. Mimi na mama tulishuka naye mpaka hospitali ya Baraka, mji wa kando ya ziwa, kwa njia za mashamba, maana barabarani kulikuwa na waasi. Dokta alisema ni kansa ya watoto na imeisha kupanda kwenye ubongo. Ndiyo maana jicho lake moja lilikuwa linaangalia pembeni. Dawa ya mshipa haifiki vizuri huko juu. Lazima nyingine ipitie mgongoni, kwa sindano.

Basi mimi nikabaki wa bure. Yeye kitanda, mimi mkeka chini ya kitanda. Vita ilikuwa imefunga ziwa, samaki wa mukeke alipatikana mmoja mmoja tu, na dada ndiye aliyemla mpaka kichwa, mimi sombe, majani ya muhogo. Nilimuuliza mama desturi imeenda wapi. Dawa ilipomtoa dada nywele, mama akaninyoa na mimi. Nilifurahi sana.

Sindano ya kwanza ya mgongo ilimuuma. Ya pili akaikataa. Dawa yenyewe ilikuwa imevuka ziwa kwa kujificha, na chupa imeisha kufunguliwa, haikai mpaka kesho. Dokta alimwambia mama wazi: asipochomwa, ugonjwa wa kichwani utamuua; na akijitikisa, sindano itamuumiza.

"Mapasa wangu achomwe wa kwanza!" dada alilia.

"Lakini huyu haiko mugonjwa," infirmier, muuguzi wa sindano, alicheka.

"Basi na mi sichomwi. Si tuko mapasa?"

Mama akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeisha kuvua shati. Kile kitanda nilikitamani tangu siku ya kwanza!

Nililala ubavu, magoti kifuani. Infirmier akanipaka alkoli, baridi kama maji ya mtoni, akabandika pamba na sparadra, ile plasta ya kunata. "Tayari, mapasa." Dada akapanda, akajikunja vilevile, uso kwa uso na mimi. Sindano ikaingia. Hakujitikisa hata kidogo, ila alinibana vidole mpaka mimi ndiye niliyelia.

"Umesikia uchungu?" aliniuliza.

"Sana."

Siku hiyo alinimegea kichwa cha mukeke. "Kula. Na we umechomwa."

Tuliendelea hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka taya likanywea na jicho likarudi katikati. Dokta akaturudisha nyumbani.

Leo dada anauza samaki sokoni Baraka, mnene, mwenye kelele, nywele zake zinapita zangu kwa uzuri. Nikienda kumsalimia ananichomea mukeke. Kichwa anakula yeye, mkia ananipa mimi. Nikinuna, anawageukia bamama wenzake: "Mumuangalie huyu! Alipakwa alkoli tu, akakula kichwa ya samaki yangu. Iko na deni mpaka kufa."